Mkono wa Niel Gow

Niel Gow alizaliwa Perthshire, Scotland, 1727, akafunzwa kazi ya kufuma nguo. Akaiacha, akashika fidla. (Mimi niliacha chuo, kwa hivyo huyu jamaa nilimpenda kabla sijamsikiliza.) Duke wa Atholl alimfadhili, lakini bosi wake hasa ilikuwa miguu ya watu: densi ikilala, nani atakuita tena?

Siri ilikuwa mkono wa kulia. Uta wa fidla ukivutwa kushuka hutoa sauti nzito. Ukisukumwa kupanda, wapigaji wengi hufifia. Gow hakufifia. Kwenye strathspey, densi yenye mdundo wa kukatikakatika, nguvu hiyo ndiyo humwinua mtu kutoka sakafuni. Kando yake kakake Donald alishika besi kwa selo. Inasimuliwa kwamba jaji kipofu wa shindano moja alisema angeutambua uta wa Gow hata kati ya wapigaji mia.

Kisha mke wake wa pili akafariki. Mzee aliyezoea kuinua watu vitini akamtungia wimbo wa maombolezo, wa polepole kabisa. Haurukiki. Bado unapigwa Scotland, na watu hukaa tu, kimya. Mimi huusikiliza kwa matatu ya mwisho, nikienda nyumbani.