Kutoka Kawempe hadi Phoenix: historia fupi ya jirani yetu Khaman Maluach

Kutoka mpakani Busia hadi Kampala ni takriban kilomita 200. Kwenda Nairobi ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Hata hivyo sisi wa Marachi, upande wa Kenya wa Busia, iwe uko Butula au soko la Bumala, tukizungumzia michezo macho yetu yako Nairobi, na michezo yenyewe ni kandanda tu. Ndiyo maana kijana mrefu wa upande wa pili wa mpaka ametupita kama lori la mafuta linavyopita Malaba usiku.

Khaman Maluach alizaliwa Rumbek, Sudan Kusini, mwaka 2006. Familia yake ilihamia Uganda akiwa mdogo, naye akalelewa Kawempe, Kampala. Hadi akiwa na umri wa miaka 12 hivi, mchezo wake ulikuwa soka. Amesimulia kwamba siku moja mtu aliyekuwa kwenye pikipiki alimsimamisha njiani, akamwambia kwa urefu ule angefaa kucheza mpira wa vikapu. Kwa kuwa viatu vya kumtosha havikupatikana, alianza mazoezi akiwa amevaa kroksi, na kufika uwanjani ilimbidi atembee karibu saa nzima.

Mambo yalikwenda kasi baada ya hapo. Alichukuliwa na chuo cha NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, kilichoko Saly, Senegal. Katika Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021, alicheza misimu mitatu katika klabu tatu: Cobra Sport ya Sudan Kusini mwaka 2022, AS Douanes ya Senegal mwaka 2023, kisha City Oilers ya Kampala mwaka 2024. Akiwa na umri wa miaka 16 alicheza Kombe la Dunia la kikapu, na mwaka uliofuata akawa Paris kwenye Olimpiki. Akaingia Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, akakaa msimu mmoja. Tarehe 25 Juni 2025 aliteuliwa wa 10 katika uteuzi wa chipukizi wa NBA, akaishia Phoenix Suns.

Wasomaji wenye umri wangu watauliza: na Hasheem Thabeet je? Mtanzania huyo, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliteuliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Alicheza NBA mechi 224, wastani wa pointi 2.2. Wamarekani walimcheka sana, na baadhi yetu tukawasaidia kucheka. Kwangu mimi kicheko kile hakikuwa cha haki. Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, na wakati wake hapakuwa na chuo Senegal wala ligi ya bara zima. Ili aonekane ilibidi aende kusoma sekondari Marekani. Urefu wake ulinunuliwa kabla ufundi haujakomaa. Baadaye alicheza Japani na Taiwan, na huko wengi waliokuwa wakimcheka hawakujisumbua kumtazama.

Kwa hiyo tofauti ya hao wawili haiko miguuni wala mikononi. Maluach alikuta ngazi zimeshajengwa Afrika, akazipanda moja baada ya nyingine, na ngazi ya chini kabisa ilikuwa uwanja wa mtaani Kampala.

Hapo ndipo Marachi tunapohusika. Uwanja kamili wa kikapu ni mita 28 kwa 15, sehemu ndogo sana ya ule wa soka. Mwalimu wa michezo wa Butula, au wa majirani zetu Nambale na Amukura, akimwona mtoto anayeinama kupita mlango wa darasa, asikimbilie kumsimamisha golini. Ampe mpira wa vikapu akiwa bado darasa la sita, na wazazi wamwache acheze.