Uchungu, Chango na Sheitani: Maumivu ya Wanawake wa Unguja

Katika Kiswahili cha Unguja neno uchungu lina kazi mbili. Mwanamke anayejifungua ana uchungu; aliyefiwa au kudhulumiwa naye huona uchungu. Maumivu ya chini ya kitovu yanayorudi mwezi baada ya mwezi yana jina lake mbali, chango, nalo hutajwa kwa somo au mkunga kabla ya kutajwa kwa mume. Lugha, basi, haikuutenga sana mwili na moyo.

Tiba nayo ilifuata njia hiyo. Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, aligusia magonjwa na watu waliopagawa katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Mjini masheitani walikuwa na makabila yao: ruhani wa Uarabuni, rubamba wa Pemba, kibuki wa Bukini, yaani Madagaska. Mtaalamu wa Norwei, Kjersti Larsen, aliwaeleza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2008. Mwenye tumbo lisilopoa, au asiyeshika mimba, aliweza kuambiwa ana sheitani. Wageni wengi waliona hapo ushirikina mtupu. Walakini ngomani sheitani huulizwa jina lake na haja yake, na kwa kinywa chake yaliweza kutoka mambo ambayo mke hakuthubutu kuyasema nyumbani.

Ulaya haikuwa na la kujivunia. Neno histeria latokana na jina la Kiyunani la mji wa mimba, na wanawake wengi waliambiwa kwamba wanajitia ugonjwa. Ni mwaka 1979 tu chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipotamka kwamba maumivu ni jambo la hisia za mwili na za moyo pamoja.

Lakini moyo usisingiziwe kila kitu. Kaskazini na katikati ya Unguja kuna kichocho cha mkojo, ambacho mayai yake huweza kunasa katika mlango wa kizazi, yakaleta maumivu, damu na utasa. Mwanamke aliyeoga mtoni utotoni huweza kudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, akanyamaza kwa kuogopa talaka na maneno ya majirani, na hofu hiyo humzidishia maumivu. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo. Makovu ya zamani aghalabu hubaki, na maumivu pamoja nayo.