Maana ya Ugumu katika Historia ya Tiba ya Anyurisimu za Ubongo, 1937–2011

Anyurisimu ya ubongo ni uvimbe unaotokea pale ukuta wa ateri unapodhoofika. Ukipasuka, damu huvujia pembezoni mwa ubongo na aghalabu huua. Historia ya tiba yake husimuliwa kama safari ya kutoka kisu hadi katheta. Insha hii inadai kwamba kilichobadilika zaidi ni maana ya ugumu wenyewe.

Mwaka 1937, huko Baltimore, Walter Dandy alifungua fuvu na kuibana shingo ya anyurisimu kwa kibanio cha fedha. Katika enzi hiyo, anyurisimu ngumu ilikuwa ile iliyojificha mahali ambapo mkono wa mpasuaji haukufika bila kuujeruhi ubongo. Njia mbadala ilitegemea upigaji picha wa mishipa ulioasisiwa na Egas Moniz mjini Lisbon mwaka 1927. Kwa msingi huo, Fedor Serbinenko wa Moscow alipitisha vijiputo ndani ya mishipa na kuviacha humo, akachapisha matokeo mwaka 1974. Mwaka 1990, koili za platinamu za Guido Guglielmi, zinazoachanishwa kwa mkondo wa umeme, zilitumika kwa mgonjwa wa kwanza.

Jaribio la ISAT, lililochapishwa mwaka 2002, lilihusisha wagonjwa 2,143 ambao anyurisimu zao zilikuwa zimepasuka. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa koili na 30.6 kwa upasuaji. Hata hivyo, walioteuliwa ni wale tu walioonekana kufaa kwa tiba zote mbili. Ushahidi huo haukuweza kuzisemea anyurisimu ngumu.

Koili nazo zilizaa ugumu mpya: anyurisimu yenye shingo pana haizishikilii. Jacques Moret wa Paris alizizuia kwa puto la muda, stenti zikafuata. Mwaka 2011, Marekani iliidhinisha Pipeline, mrija wa wavu unaogeuza mkondo wa damu ili anyurisimu kubwa igande taratibu. Lakini mrija huo hudai dawa za kuzuia chembe sahani zisigandamane, dawa zenye hatari kwa mgonjwa ambaye tayari anavuja damu.

Hivyo ugumu ulihama kutoka kina cha ubongo hadi umbo la shingo, kisha hadi damu yenyewe. Kila kifaa kilitatua tatizo lililorithiwa na kulifichua lililofuata.