Kutoka Watergate hadi Chenji ya Rada

Mwaka 1973 kashfa ya Watergate iliwaweka Wamarekani mbele ya runinga kutwa nzima. Miongoni mwao alikuwamo Stanley Sporkin, mwanasheria wa tume inayosimamia masoko ya hisa. Aliposikia kuwa kampuni kubwa zilichangia kinyume cha sheria kampeni ya Rais Richard Nixon, alijiuliza swali la kihasibu: fedha hizo ziliandikwaje vitabuni?

Ziliandikwa kwa uongo. Gulf, kampuni ya mafuta, ilizipitisha kwenye kampuni yake tanzu ya Bahamas, kisha zikarudi Marekani zikiwa taslimu. Uchunguzi ulipopanuka, kampuni zaidi ya 400 zilikiri malipo ya kutiliwa shaka yaliyozidi dola milioni 300. Hongo za Lockheed, watengenezaji wa ndege, zilifika hadi Japani, ambako Kakuei Tanaka, aliyewahi kuwa waziri mkuu, alikamatwa mwaka 1976.

Desemba 1977 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoharamisha kuhonga maofisa wa nchi za nje. Sheria hiyo ilipewa meno na kipengele cha hesabu: kampuni zenye hisa sokoni zililazimika kutunza vitabu vya kweli. Hongo hutolewa faraghani, na shahidi wake ni adimu; hesabu za uongo hubaki kabatini zikimsubiri mkaguzi.

Watanzania waliuona uzito wa hesabu hizo. Rada ya BAE, kampuni ya silaha ya Uingereza, iliuzwa kwa serikali yao kwa pauni milioni 28, na dola zipatazo milioni 12.4 zikalipwa kwa kampuni za wakala mmoja. Vitabuni zilisomeka kama huduma za kiufundi. Desemba 2010 mahakama ya London iliitoza BAE faini ya pauni 500,000, baada ya kampuni hiyo kukiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Rushwa haikuwamo kwenye shtaka. Wananchi wa Tanzania waliahidiwa na BAE pauni milioni 29.5, ila zilichelewa mno, hata wabunge wakiongozwa na Naibu Spika Job Ndugai wakafunga safari ya London kuzidai mwaka 2011. Hatimaye fedha hizo, zilizoitwa "chenji ya rada", zilinunua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Julai 2011 sheria mpya ya rushwa ilianza kutumika Uingereza. Kampuni ambayo mtu wake amehonga hujinasua kwa kuthibitisha kuwa ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia hongo. Ndiyo maana ankara ya wakala inapofika, mwanasheria wa kampuni huuliza kabla haijalipwa: kazi gani imefanyika, nani ameifanya, na akaunti ni ya nani?