Shahada ya Uzamili ya Ufundishaji wa Kihispania

Shahada ya uzamili ya lugha ya Kihispania na ufundishaji wake ni shahada ya pili ya chuo kikuu inayomwandaa mwalimu wa kuwafundisha Kihispania watu ambao hawakukulia katika lugha hiyo. Nchini Hispania, ambako imeshika mizizi, taaluma hii hutajwa kwa kifupi ELE, yaani Kihispania kama lugha ya kigeni. Anayeisoma huingia akiwa tayari anakijua Kihispania. Anachokifuata ni kuijua lugha hiyo kwa upande wa mgeni: wapi atakwama, kwa nini, na asaidiwe vipi. Mzaliwa wa Madrid au Bogotá huvitumia vitenzi ser na estar bila kukosea tangu utotoni, lakini mwanafunzi akimuuliza kwa nini supu iliyopoa huchukua estar ilhali ubaridi wa barafu husemwa kwa ser, mara nyingi hubaki akisema tu kwamba ndivyo inavyosemwa. Jibu hilo halimfikishi mwanafunzi popote, na shahada hii imewekwa ili mwalimu awe na jibu bora zaidi.

Kazi ya kuwafundisha wageni ni ya kale kuliko shahada yenyewe. Mwaka 1492 Antonio de Nebrija, aliyekuwa amefundisha katika Chuo Kikuu cha Salamanca, alichapisha sarufi ya Kikastilia, yaani Kihispania, na kitabu cha tano na cha mwisho ndani ya sarufi hiyo alikiandika kwa ajili ya watu wa lugha nyingine waliotaka kujifunza. Chuo Kikuu cha Taifa cha Mexico, UNAM, kilianzisha shule yake ya kiangazi kwa wageni mwaka 1921, na Salamanca ikaanza kozi zake mwaka 1929. Hata hivyo, kwa miongo mingi mwalimu wa Kihispania kwa wageni alikuwa msomi wa fasihi aliyepewa darasa kwa sababu tu anaizungumza lugha. Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 20. Chama cha walimu wa taaluma hii, ASELE, kiliundwa mwaka 1987. Mitihani ya DELE ya kupima ujuzi wa lugha ikaanzishwa mwaka 1988. Na mwaka 1991 serikali ya Hispania ikaunda Instituto Cervantes, taasisi ya kueneza lugha na utamaduni wake ulimwenguni. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa mfumo wa pamoja wa kupima lugha kwa ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, na mwaka 2006 Instituto Cervantes ikachapisha mtaala unaoeleza kila ngazi inadai sarufi gani, msamiati gani na maarifa gani ya utamaduni. Mwalimu alihitaji mafunzo ya kuutumia mtaala huo, na vyuo vikuu vilivyokuwa vikipanga upya shahada zao chini ya mageuzi ya Bologna, ya kulinganisha shahada za Ulaya, vikapata mahali pa kuyaweka.

Anayeomba nafasi Hispania akitokea nje anapaswa kwanza kutofautisha aina za shahada, kwa kuwa majina yanafanana huku thamani kisheria ikitofautiana sana. Uzamili rasmi hupita katika tathmini ya ANECA, wakala wa taifa wa ubora wa elimu ya juu, au wakala wa jimbo, huandikwa katika rejesta ya serikali ya vyuo na shahada, na humfungulia mhitimu mlango wa uzamivu. Aina ya pili ni shahada ya chuo chenyewe, ambayo tangu amri ya kifalme ya mwaka 2021 hupewa jina la uzamili wa mafunzo endelevu. Inaweza kuwa na walimu wazuri na mazoezi ya kutosha, lakini peke yake haimwingizi mtu katika uzamivu, na mwajiri wa serikali anaweza kuikataa. Ipo pia aina ya tatu inayochanganya wengi, nayo ni uzamili wa ualimu wa sekondari. Huo ndio sharti la kufundisha katika shule za sekondari za Hispania, na mwenye uzamili wa ELE pekee hawezi kuutumia mahali pake. Njia salama ni kulitafuta jina kamili la shahada katika rejesta ya serikali kabla ya kulipa chochote.

Kwa kanuni, uzamili rasmi huwa na krediti 60 hadi 120 za mfumo wa Ulaya. Krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, yakiwemo masomo ya darasani, usomaji wa binafsi na mazoezi. Programu nyingi za ELE ni za krediti 60, yaani mwaka mmoja wa masomo wenye saa 1,500 hadi 1,800. Miongoni mwa vyuo vinavyofahamika katika fani hii ni Salamanca, Barcelona, Granada na Alcalá, pamoja na Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Menéndez Pelayo kinachoshirikiana na Instituto Cervantes. Chuo Kikuu cha Nebrija kilichopo Madrid ni cha binafsi na huendesha masomo hayo kwa njia ya mtandao pia. Ada za vyuo vya umma hupangwa chini ya usimamizi wa majimbo, ndiyo maana shahada ya namna moja huweza kuwa ghali mji mmoja na nafuu mji mwingine.

Mwombaji hutakiwa kuwa na shahada ya kwanza, ikipendelewa zaidi ile ya isimu, lugha, tafsiri au elimu. Ambaye Kihispania si lugha yake ya kwanza huonyesha cheti cha ngazi ya B2 kwa uchache, na vyuo vingi vyenye sifa hudai C1. Mwenye shahada kutoka nje ya eneo la elimu ya juu la Ulaya haipitishi kwanza wizarani ili isawazishwe. Chuo chenyewe hukagua kama shahada hiyo, katika nchi ilikotolewa, inamruhusu mtu kuendelea na masomo ya uzamili. Kinachochelewesha watu ni karatasi: vyeti na matokeo ya mitihani huhitaji kuhalalishwa na kutafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, na kazi hiyo ianze miezi kadhaa kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Kwa wanawake wa Kiafrika kuna pia ufadhili wa mpango wa Learn Africa wa taasisi ya Mujeres por África, ambao hugharamia masomo katika vyuo vikuu vya Hispania.

Masomo hugawanyika pande mbili, lugha yenyewe na ufundishaji wake. Upande wa lugha huanza na fonetiki, sarufi na pragmatiki, na kitabu kikuu cha rejea ni sarufi mpya ya Akademia ya Kifalme ya Hispania na akademia wenzake, iliyotoka kuanzia mwaka 2009. Hapa mwanafunzi hukabiliwa na suala la lahaja, ambalo mwalimu hawezi kulikwepa. Kihispania ni lugha rasmi ya nchi zipatazo 20, na wazungumzaji wengi wanaishi Amerika. Nafsi ya pili wingi ni vosotros sehemu kubwa ya Hispania na ustedes kwingine. Buenos Aires husema vos pale Lima inaposema tú. Na katika Amerika yote herufi z hutamkwa kama s. Zamani Kikastilia cha kaskazini mwa Hispania kilifundishwa kana kwamba ndicho lugha yenyewe na vingine ni makosa. Programu nzuri za leo humtaka mwalimu achague lahaja moja ya kufundishia, aitumie kwa uthabiti, na awaandae wanafunzi wake kuzielewa nyingine. Ni msimamo wa haki zaidi, na ndio unaomsaidia mwanafunzi atakayeshuka uwanja wa ndege wa Havana akiwa amefundishwa na mtu wa Valladolid.

Upande wa ufundishaji una nadharia za kujifunza lugha ya pili, mbinu za ufundishaji, upimaji, uandaaji wa zana na matumizi ya teknolojia. Fikra moja hutawala sehemu kubwa ya masomo haya. Wanaisimu S. P. Corder, mwaka 1967, na Larry Selinker, mwaka 1972, walionyesha kwamba makosa ya mwanafunzi yana utaratibu: ni dalili ya lugha ya mpito anayoijenga kichwani. Mwalimu aliyefunzwa huyasoma makosa hayo kabla ya kuyasahihisha.

Kiini cha mwaka ni mazoezi ya kufundisha. Mwanafunzi kwanza huketi nyuma ya darasa akiandika anachokiona, kisha huandaa somo lake na kulifundisha mbele ya mwalimu mlezi. Chukua somo la nyakati mbili zilizopita, ambalo karibu kila mkufunzi hulitumia kama kipimo. Andalio baya huanza na jedwali la vitenzi ubaoni. Andalio zuri huanza na kisa kifupi, labda mtu aliyefika stendi akakuta basi limeondoka, na wanafunzi huulizwa lipi lilikuwa linaendelea na lipi lilitokea. Kanuni hutoka midomoni mwao, kisha jedwali hufuata kuithibitisha. Somo likiisha mlezi huuliza maswali ya kawaida ambayo ni magumu kuyajibu: nani hakuzungumza kabisa, mwalimu mwenyewe alizungumza dakika ngapi, na lile kosa lililorudiwa mara tatu liliachwa kwa sababu gani. Mwaka hufungwa kwa tasnifu, ambayo huweza kuwa utafiti au mfululizo wa masomo uliobuniwa na kutetewa mbele ya jopo.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, tasnifu hiyo ina uwanja mpana. Irabu za Kihispania ni tano, a, e, i, o, u, nazo zinakaribiana sana na za Kiswahili. Kitenzi hubeba nafsi ndani yake, kwa hiyo kuacha kiwakilishi si jambo geni kwake. Upatanisho wa kisarufi anao tayari kutokana na ngeli, ingawa Kihispania huuweka mwishoni mwa neno na jinsia ya nomino huweza kumdanganya, kama katika la mano na el problema. Hata dhamira tegemezi, inayowatesa wazungumzaji wa Kiingereza, ina mlango wake: anayesema “nataka asome” amekwisha kubadili kitenzi cha pili kama Kihispania kinavyodai katika quiero que lea. Shida zake ziko kwingine. Mkazo wa Kiswahili hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini wa Kihispania huhama na kubadili maana: hablo ni “nazungumza”, habló ni “alizungumza”. Kimadende kirefu cha perro lazima kitofautiane na kifupi cha pero. Vitabu vilivyoandikwa kwa kuwawazia Waingereza hutumia kurasa nyingi juu ya yale ambayo Mswahili anayo tayari na hupita haraka juu ya yanayomkwamisha, na mwalimu anayejua lugha zote mbili ndiye anayeweza kurekebisha mizani hiyo.

Nje ya Hispania shahada huchukua sura nyingine. Nchini Marekani uzamili wa Kihispania huchanganya fasihi, isimu na utamaduni, na kufundisha shule za umma huhitaji leseni ya jimbo inayoombwa kwa taratibu zake. Chuo cha Middlebury, Vermont, ambacho shule yake ya Kihispania ilianza mwaka 1917, huruhusu walimu walio kazini kukamilisha uzamili kwa vipindi vya kiangazi, wakiwa wameapa kutozungumza lugha nyingine muda wote wa masomo.

Wahitimu hufundisha katika shule za lugha, vyuo vikuu na vituo vya Instituto Cervantes, huandika vitabu vya kiada, au huwa watahini wa DELE baada ya kupata ithibati. Shirika la ushirikiano la Hispania, AECID, hupeleka wahadhiri wa lugha katika vyuo vikuu vya nje. Barani Afrika mahitaji makubwa yako katika nchi zinazotumia Kifaransa, kama Senegal, Côte d’Ivoire na Kamerun, ambako Kihispania ni somo la sekondari, na Instituto Cervantes ilifungua kituo Dakar mwaka 2021. Guinea ya Ikweta hutumia Kihispania kama lugha rasmi na ina akademia yake ya lugha hiyo. Katika Umoja wa Afrika, Kihispania na Kiswahili vyote ni lugha rasmi, hivyo mtu anayezimudu zote mbili ana nafasi katika ukalimani na tafsiri pia. Anayetaka kuendelea na uzamivu Hispania huhitaji jumla ya krediti 300 za shahada ya kwanza na uzamili rasmi, au masomo yanayolingana nazo.