Januari ya Wahesabu Ndege

Januari, mkulima wa Mwamapalala, Simiyu, akiwa kwenye palizi ya pamba, sehemu kubwa ya Ulaya imo kwenye baridi kali. Korongo weupe na vitwitwi wa huko wamekwisha kuhamia Afrika. Ndiyo maana sensa kuu ya ndege wa majini hufanyika mwezi huo, kwa mikono ya watu wengi wanaojitolea.

Sensa ya kimataifa ilianza 1967, na Afrika ikapata ya kwake 1991. Afrika Mashariki haikuanzia patupu. Chama cha wapenda maumbile kiliundwa Nairobi tangu 1909, na 1971 Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya Jumatano asubuhi ya kuangalia ndege, wageni wakikaribishwa. Kwangu mimi matembezi hayo ni shule halisi, maana jicho la kuhesabu halipatikani kwa semina ya siku moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakaanza kuwapeleka wanaojitolea kwenye maziwa ya Bonde la Ufa kila Januari.

Tanzania ilifanya hesabu yake ya kwanza ya pamoja, kwenye maeneo makubwa ya maji, Januari 1995. Ripoti yake ilihaririwa na Neil Baker, ambaye pamoja na Liz Baker amekusanya kumbukumbu za ndege wa nchi nzima kwa miaka mingi.

Kazi yenyewe inataka subira. Ufuko hugawanywa vipande. Mmoja anashika darubini na kutaja, mwingine anaandika. Kundi la heroe halihesabiki mmoja mmoja. Unahesabu kumi, unalipa jicho kipimo, unapata mia, kisha unausogeza ule ukubwa wa mia juu ya kundi hadi mwisho. Furukombe akipita, wote wanaruka, nanyi mnaanza upya.

Jasho hilo lina uzito. Chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu, eneo ambalo kwa kawaida lina ndege wa majini 20,000 au zaidi linastahili kutambuliwa kimataifa, na bila mhesabuji hakuna wa kuithibitisha idadi hiyo. Tanzania ilijiunga na mkataba huo 2000 kwa eneo la Malagarasi-Muyovozi; Ziwa Natron, mazalia makuu ya heroe wadogo, likafuata 2001.

Natamani sana malambo ya Simiyu nayo yapate wahesabuji wake. Lambo la ng'ombe halitafikisha 20,000, lakini yangeyange na vitwitwi hutua humo, na mwalimu mwenye darubini na daftari anatosha, mradi arudi pale pale kila Januari. Asipoona ndege hata mmoja, anaandika tarehe na sifuri, na karatasi yake inapelekwa pamoja na nyingine.