Sanduku la Kufuli Tatu: Jinsi Kanda ya Ziwa Ilivyojiwekea Akiba na Bima

Katika vijiji vingi vya Usukuma, mtu asiyefika msibani kwa jirani bila udhuru hutozwa faini. Akizidi kukaidi hutengwa: haazimwi jembe, watu hawaketi naye kilabuni, na siku akifiwa yeye, kaburi atachimba na ndugu zake wa tumbo moja. Vikao vya wazee, yaani banamhala, na mikutano mikubwa ya dagashida viliyachukulia makosa ya aina hiyo kwa uzito. Mgeni angeweza kuona ukali usio na sababu, lakini wenyeji walijua wanacholinda. Kaya moja ya mkulima haiwezi kuzika, kulisha waombolezaji siku kadhaa, kisha ibakiwe na mbegu ya msimu unaofuata. Msiba ulikuwa wa kijiji kizima, na kila aliyeshika sepetu makaburini alikuwa ama analipa deni la zamani ama anajiwekea la kesho.

Makala nyingi kuhusu mikopo midogo huanza na mradi fulani na mwaka wa ufadhili wake. Ukiifuata njia hiyo Mwanza, utaanzia mwishoni. Kanda hii ilijua kukata bima kabla ya kujua kuandika hati ya bima. Vijana, basumba, walilimiana mashamba kwa zamu chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, hivyo mgonjwa wa masika alikuwa na watu wa kumpalilia. Ng'ombe walikabidhiwa kwa marafiki wa mbali ili ugonjwa au wezi wasifagie zizi zima kwa mkupuo.

Ng'ambo ya magharibi ya ziwa, kwa Wahaya wa Kagera, vyama vya kuzikana vilikomaa zaidi, na sababu yake inauma. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa katika Hospitali ya Ndolage, Muleba. Miaka iliyofuata Kagera ilizika watu wazima wenye nguvu, wale wale ambao ndio wangechangia misiba ya wengine. Watafiti wa uchumi waliochunguza kijiji cha Nyakatoke, karibu na Bukoba, walikuta kaya 119 zilizofungamana kwa vyama vyenye orodha ya wanachama, viwango vya michango na adhabu kwa asiyetoa. Kusini-magharibi mwa Uganda kulikuwa na vyama vya engozi, machela ya kumbebea mgonjwa milimani. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi iliwafuata wanakijiji katika vyama hivyo na kujenga juu yake mpango wa bima ya matibabu. Naamini ulikuwa uamuzi wa busara kuliko mingi ya wakati ule, kwa kuwa hospitali haikuanza kwa kuunda chama kipya. Ilikwenda kwa watu ambao tayari walikuwa wanabebana.

Fedha taslimu iliingia Usukumani kwa mlango wa pamba. Wanunuzi wengi na wenye viwanda vya kuchambua walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya India, na mizani ilikuwa yao. Kwa upande wa mikopo, utawala wa Kiingereza uliweka katika miaka ya 1920 na 1930 sheria zilizomnyima mfanyabiashara haki ya kumdai Mwafrika mahakamani ikiwa mkopo haukuidhinishwa na ofisa wa serikali. Walisema ni kumkinga Mwafrika na madeni. Tokeo likawa kwamba mkulima mwenye ekari kumi za pamba alikuwa na mlango mmoja wa kubisha: duka la mtu yule yule anayemuuzia sukari na kumpimia pamba.

Katika hali hiyo alitokea Paul Bomani, mtoto wa mhubiri wa Kisabato, aliyewahi kuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui kabla ya kuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kupima pamba yao wenyewe kabla haijafika kwa mnunuzi, na tofauti ya uzito ikajulikana kijiji kwa kijiji. Vyama vya msingi vikaota kama uyoga. Mwaka 1955 viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na kufikia mwisho wa muongo huo pamba ya Jimbo la Ziwa ilipita mikononi mwake. Hiyo ilikuwa miaka ambayo serikali ilikuwa imekipiga marufuku chama cha TANU Usukumani, kwa hiyo ushirika ulibeba mengi kuliko pamba. Bomani mwenyewe akawa Waziri wa Fedha mwaka 1962.

Kilichofuata ni kisa cha fedha kupanda ngazi na kutoonekana tena. Shirikisho lilikua, ofisi zikajaa, makato yakaongezeka, na mkulima wa Kwimba akaacha kujua senti yake inakwenda wapi. Mwaka 1966 tume maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini na malalamiko yakawa mengi. Mwaka 1968 Shirikisho likageuzwa kuwa chama kikuu kilichoitwa Nyanza. Mwaka 1976 serikali ikavifuta vyama vikuu vyote, kisha ikavirudisha kwa sheria ya 1982. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, Nyanza ilikuwa na madeni na majengo, na wakulima wengi walikuwa wameshaiacha moyoni. Benki nazo zilijirekebisha kwa faida: matawi yasiyolipa yakafungwa, na mwenye shilingi 2,000 za akiba hakuwa mteja wa mtu.

Wakati huo huo hospitali za serikali ziliacha kuwa za bure. Uchangiaji wa gharama ulianza mwaka 1993, na familia iliyokuwa inaogopa kifo tu ikaanza kuogopa na matibabu. Jibu la serikali lilijaribiwa kwanza jirani kabisa na Usukuma, Igunga, mwaka 1996: kaya ilipe shilingi 5,000 kwa mwaka itibiwe zahanati, na serikali iongeze kiasi kile kile. Waliliita ongezeko hilo tele kwa tele. Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ikaja mwaka 2001, na mfuko huo, CHF, ukaenea wilaya nyingi. Wazo lilikuwa zuri na kadi ilikuwa rahisi, lakini aliyelipa mara nyingi alifika zahanati akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Mwaka wa pili hakulipa tena. Wataalamu wakaandika kwamba wananchi hawana uelewa wa bima. Mimi nasema walikuwa na uelewa wa vizazi. Walichokosa ni dawa.

Mwanya huo ndio ulioingiwa na sanduku. Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilisaidia wanawake kuunda vikundi vya kuweka na kukopeshana bila kuleta hata senti ya mtaji kutoka nje. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 utaratibu ulifika Zanzibar, kisha Bara, ambako ulizaa VICOBA, benki za jamii vijijini, na vikundi vya hisa vya kila jina. Kwa wanawake wa mialo ya Mwanza, Sengerema, Magu na Ukerewe, waliokuwa wakicheza upatu tangu zamani, mambo mengi hayakuwa mageni. Upya ulikuwa katika vitu vitatu: akiba haigawiwi kwa zamu bali inakopeshwa, riba inabaki ya wanachama, na mwisho wa mwaka kila kitu kinavunjwa na kugawanywa kulingana na hisa.

Kikundi kina watu 15 hadi 30. Kila kikao mwanachama hununua hisa moja mpaka tano, na muhuri hugongwa kwenye kitabu chake mbele ya wote. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu ambao si viongozi, na fedha huhesabiwa kwa sauti. Kabla ya kuagana wanachama wote hukariri kiasi kilichobaki, na kikao kijacho mtu yeyote anaweza kuulizwa. Asiyejua kusoma anakagua hesabu sawasawa na mwalimu mstaafu. Pembeni kuna mfuko wa jamii, wa msiba, ugonjwa na moto, ambao hautozwi riba. Sheria ya banamhala imeingia sandukuni pamoja na fedha: asiyefika msibani kwa mwenzake hutozwa faini, na faini hiyo huongeza mfuko.

India ilifika hapo kwa njia tofauti. Mwaka 1974, huko Ahmedabad, wanawake 4,000 wa chama cha SEWA, kilichoanzishwa na Ela Bhatt, walichanga rupia kumi kumi na kuanzisha benki yao. Baadaye ikaonekana kwamba wengi walioshindwa kurejesha mikopo walikuwa wameuguliwa au wamefiwa, na mwaka 1992 wakaongeza bima. Kwao akiba ilitangulia na bima ikafuata. Kwetu kuzikana kulitangulia, na ninadhani ndiyo maana mfuko wa jamii haukuhitaji kuelezwa mara mbili.

Kwa wachuuzi wa dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, kalenda ya fedha ni ya mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hulala, na mama mwenye watoto wanne hana cha kuanika. Siku hizo sanduku hukopesha. Mvua ikiozesha dagaa waliotandazwa mchangani, sanduku hukopesha tena.

Ila sanduku lina kina kifupi, na historia ya ziwa imelionyesha hilo mara nyingi. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria mara kadhaa, na mwalo mzima ukakosa soko kwa pamoja. Mwaka 2018, katika Operesheni Sangara, nyavu zilichomwa moto kandokando ya ziwa. Zilizoungua zilitajwa kuwa haramu kisheria, lakini mikopo iliyozinunua ilibaki vitabuni. Septemba 20 ya mwaka huo huo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la kisiwa cha Ukara kikitoka Bugolora siku ya gulio, na zaidi ya watu 220 wakafa. Kisiwa kidogo hakiwezi kujizika chenyewe kwa michango ya mfuko wa jamii. Kikundi hubeba mtu mmoja aliyeanguka. Wakianguka wote siku moja, hakuna wa kubeba.

Katika ombwe hilo wamejaa wakopeshaji wa kausha damu, wanaotoa fedha dakika tano kwa riba ya kutisha na kurudi kuchukua jiko na godoro. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwataka wakopeshaji wote wawe na leseni na kuvitambua vikundi vya kijamii kama daraja lake la nne, vikisajiliwa kupitia halmashauri. Mwaka huo pia CHF iliboreshwa: shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Kadi hiyo haikufika Hospitali ya Bugando, kule mlimani Mwanza, ambako wagonjwa wa saratani, moyo na figo wa kanda nzima hupelekwa. Huko familia bado huuza ng'ombe na kupitisha daftari la michango.

Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na kazi iliyobaki ni kuwafikia watu wasio na ajira rasmi. Tunao tayari, wameketi kila wiki chini ya miembe na mabanda ya mialo wakiwa na daftari na hesabu safi. Mfuko wa taifa wa bima una kina ambacho sanduku halina, na ndio unaoweza kubeba wengi wakiugua kwa pamoja. Lakini ukipokea michango ya vikundi hivi, uwapelekee wanachama kila mwaka hesabu ya kituo chao cha afya: waliolipa ni wangapi, dawa zilizonunuliwa ni zipi, zilizokosekana ni zipi na kwa siku ngapi. Isomwe kikaoni kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wenye funguo, na ofisa aliyeileta abaki hapo mpaka maswali yaishe.